Niliahirisha masomo kwa ajili ya mwanangu, sheria ikabadilika, sasa ananijua kwenye simu

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa nane usiku. Nimetoka zamu ya jioni na usingizi umegoma. Nina miaka 31, nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa kike wa miaka miwili na miezi mitano. Nyumbani ni mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha Kanda ya Ziwa. Huku niko kaskazini mwa Uingereza, ambako nilimaliza shahada ya uzamili mwezi Septemba, na matokeo yametoka wiki mbili zilizopita. Nimefaulu vizuri. Wenzangu walienda kula pamoja kusherehekea, mimi nikasema naumwa kichwa.

Nianze mwanzo ili unielewe. Mwaka 2022 kaka mmoja wa idara yetu alikuja kusoma uzamili huku akiwa na mke na watoto wawili. Mke akapata kazi, watoto wakaingia shule, wakawa wanatutumia picha wakichezea theluji. Mimi na mume wangu tukasema na sisi tutafanya hivyo hivyo. Nikaomba, nikakubaliwa kuanza Septemba 2023 kwa punguzo la nusu ada. Katikati ya kujiandaa nikapata mimba. Mei 2023, tumbo likiwa la miezi saba, serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2024 anayekuja kusoma uzamili wa kawaida haruhusiwi tena kuja na mume, mke wala mtoto. Kwa tarehe zile mimi ningewahi. Lakini mtoto alizaliwa Julai, kwa upasuaji. Ningesafiri naye akiwa na miezi miwili, mshono haujapona vizuri? Nikaomba kusogeza masomo mwaka mmoja. Niliahirisha kwa ajili yake, Shangazi, na kule kuahirisha ndiko kulikomfungia mlango.

Septemba 2024 nikaondoka peke yangu. Lile punguzo lisingesogezwa mara ya pili, na chuoni kwangu mkufunzi msaidizi asipopata uzamili ajira yake ina mwisho. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki Mwanza, anafungua asubuhi anafunga usiku, hawezi kulea mtoto mdogo. Kwa hiyo binti yetu akapelekwa Sengerema kwa mama mkwe. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Kuongea kote amejifunzia kwa bibi yake. Mume huenda kumwona kila Jumapili, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hasubiri tena kivuko.

Sasa nikueleze kinachoninyima usingizi. Bibi yake anamwita "mayu", ambalo kwa Kisukuma ni mama. Mimi "mama" wake ni simu. Si kwamba ananiita mama nikiwa kwenye simu. Simu yenyewe ndiyo mama. Mwezi uliopita mama mkwe alinisimulia, huku anacheka, kwamba simu ilikata chaji, mtoto akaichukua, akailaza mkekani, akaifunika kanga, akasema "mama amelala". Mama mkwe aliona ni utundu wa kupendeza. Mimi nilikata simu, baadaye nikasingizia mtandao.

Viza yangu inaisha tarehe 24 Januari. Naweza kurudi, likizo yangu ya masomo inaisha mwezi huohuo na nilisaini mkataba wa kurudi kutumikia. Nitapandishwa kuwa mhadhiri msaidizi. Lakini tuliuza kiwanja chetu cha Buswelu ili nije, na kwenye SACCOS bado nadaiwa shilingi milioni 7. Naweza pia kuomba ile viza ya wahitimu, nikae miaka miwili nifanye kazi. Nimeuliza, nikaambiwa mtoto hawezi kunifuata kwa viza hiyo kwa sababu hakuja nami tangu mwanzo. Njia ya tatu, profesa aliyenisimamia amenipa nafasi ya uzamivu, yaani PhD, kuanzia Oktoba 2026, utafiti wa ubora wa maji ya Ziwa Victoria. Ada italipwa, na posho ni pauni 20,780 kwa mwaka. Kwa uzamivu familia inaruhusiwa kuja. Ila mume wangu atalazimika kufunga duka alilolijenga kwa miaka tisa.

Hili la uzamivu sijamwambia. Nimelikalia wiki tano. Naogopa akisema hapana, na naogopa zaidi akisema ndiyo halafu aje huku kuosha vyombo na kunilaumu kimoyomoyo. Kila tukiongea anasema, "Kaa huko, tumalize deni, mtoto hana shida." Kuna mtu pia, kwenye kundi letu la WhatsApp, anasema kwa pauni 6,000 atanitafutia mwajiri wa kunidhamini kazi ya kutunza wazee, na nikipata viza ya kazi nitawaleta wote wawili.

Nikirudi nitakuwa nimemrudia mtoto lakini nimewaangusha wote walionichangia. Nikikaa, mimi ni mama wa namna gani?

Mama wa Kwenye Simu

* * *

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa kufaulu. Naona katika barua yako yote hakuna aliyekupa hongera, hata wewe mwenyewe hukujipa, basi ipokee kwangu.

Umeniuliza kuhusu viza, lakini nikisoma naona maneno mawili mengine yamejificha humo ndani. Moja ni hatia: unaamini ulimfungia mtoto mlango kwa mkono wako. La pili ni siri: umebeba barua ya uzamivu wiki tano ndani ya ndoa ambayo mpaka sasa imeendeshwa kwa kuchangia kila kitu, hadi kiwanja. Nitafika kwenye viza, kwa sababu tarehe 24 Januari haisubiri, ila niruhusu nianze na hayo.

Tangazo unalolisema lilitolewa tarehe 23 Mei 2023 na aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Suella Braverman. Serikali yake ilitaja hesabu: viza za wategemezi wa wanafunzi zilikuwa kama 16,000 mwaka 2019, zikafika kama 136,000 mwaka 2022. Walitaka kupunguza idadi ya wahamiaji, na hapo ndipo palipokuwa rahisi kukata. Wakawabakiza wanaosoma kwa utafiti, kama wa uzamivu, na wanaolipiwa kila kitu na serikali. Wewe uliyelipa nusu ada kwa pesa ya kiwanja ukaangukia upande wa pili. Mwanao alikatwa na hesabu iliyopigwa London na watu wasiojua kama yupo, na wakati huo hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa.

Ungekuja naye Septemba 2023, mshono mbichi, kichanga cha miezi miwili, baridi inaingia, mume anatafuta kibarua chochote, wewe una mihadhara, sijui leo ungekuwa unaniandikia barua gani. Huenda ungesema, "Shangazi, kwa nini sikusubiri hata mwaka mmoja?" Uliamua kwa yale uliyoyajua, ukiwa na mtoto kifuani. Usijihukumu leo kama mtu aliyekuwa anaiona kesho.

Sasa hili la "mayu". Nimewahi kuishi Mwanza, na nakuuliza: pale Sengerema, ni nani asiyemwita mama mkwe wako mayu? Jirani akipita asubuhi anasema "mwangaluka, mayu". Anayeleta maziwa, anayekuja kuomba chumvi, baba yake mwenyewe akifika Jumapili, wote wanamwita hivyo. Ulitaka mtoto anayejifunza kuongea katika ua ule amwite nani? Amechukua jina alilolikuta hewani. Sidhani kama amempa bibi cheo chako. Amempa bibi jina lake.

Na simu iliyofunikwa kanga. Mama mkwe aliona mchezo, wewe uliona msiba. Mimi naona kitu kingine tena: mtoto wa miaka miwili anayejua kwamba mama ni mtu anayechoka, anayelala, anayestahili kufunikwa asipigwe na baridi. Hilo amefundishwa na nani? Kuna mtu pale nyumbani anamzungumza mama yake vizuri wakati wewe husikii. Ningekuwa wewe ningempigia mama mkwe, si kumwomba radhi kwa kukata simu, bali kumwomba anisimulie tena kisa kile tangu mwanzo, na safari hii nikisikilize hadi mwisho.

Sikuambii kwamba hujakosa kitu. Umekosa. Maneno yake ya kwanza hukuyasikia, na hayarudiwi. Ukitaka kulilia hilo, lilie.

Ila nakuomba uliangalie jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Mimi nililelewa na bibi Korogwe hadi nilipoanza darasa la kwanza, mama alikuwa chuo cha uuguzi. Siku mama aliyokuja kunichukua nilijificha nyuma ya bibi na nikagoma kumpa mkono. Wiki za mwanzo nilikuwa nalia usiku, na niliyekuwa namlilia ni bibi. Mama aliniambia nikiwa mtu mzima kwamba zile wiki zilimuumiza kuliko miaka yote ya kuwa mbali. Baadaye tulizoeana, tena sana. Nakueleza haya kwa sababu kila njia uliyoitaja inayokukutanisha na binti yako inamwachanisha yeye na bibi. Ukirudi Mwanza, atatoka Sengerema. Akija Uingereza, atatoka mbali zaidi. Kwako itakuwa ni kurudiana. Kwake, kwa muda, itakuwa ni kufiwa na mayu wake angali hai. Na huyo mama mkwe ambaye haulizwi kitu, naye siku hiyo ataondokewa. Kwa hiyo njia yoyote mtakayochagua, muda wa kuzoeana uwe ndani ya mpango. Miezi, si siku.

Tuje kwenye viza sasa.

Hii ya wahitimu ina mvuto kwa mwenye deni, na sikulaumu kuiwaza. Hesabu yake ya kuingilia, kwa viwango vya mwaka 2025, ni hii: maombi pauni 880, na ada ya huduma za afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, kwa miaka miwili inakuwa jumla ya pauni 2,950. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 9 kabla hujapunguza hata senti ya milioni 7 za SACCOS. Utaomba ukiwa hapohapo Uingereza kabla viza ya sasa haijaisha, na ukishaomba usitoke nje ya nchi hadi ujibiwe, kwa sababu ukitoka ombi linahesabika umelifuta. Ukishaipata unaweza kwenda nyumbani kusalimia na kurudi. Atakayeomba kuanzia Januari 2027 atapewa miezi 18 tu, ndiyo maana utasikia watu wanaharakishana. Ni kweli pia kwamba mtoto hawezi kukufuata kwa njia hiyo.

Kuna jambo sijui kama uliambiwa. Viza hiyo hupewi mara mbili. Ukiitumia sasa kwa uzamili, kisha ukasoma uzamivu, ukimaliza hutaipata tena, na kwa wenye uzamivu ni ya miaka mitatu, tena mume na mtoto wakiwa wamekaa nawe kama wategemezi wakati wa masomo wanaweza kuendelea nawe. Sisemi usiitumie. Nasema ukiichukua mwezi ujao, jua kwamba umeichukua kutoka kwenye akiba ya wewe wa miaka mitano ijayo.

Labda unawaza kwamba katika miaka hiyo miwili utapata mwajiri wa kukudhamini, na familia ije kwa viza ya kazi. Inawezekana. Ila tangu Julai 2025 kazi yenyewe iwe ya kiwango cha shahada, na mshahara wa kawaida unaotakiwa ni angalau pauni 41,700 kwa mwaka. Kwa anayetoka masomoni kuna nafuu ya pauni 33,400, mradi asilimia 70 ya mshahara wa kawaida wa kazi husika isiwe juu zaidi. Vyuo vikuu vyenyewe, ambavyo ungedhani ndiyo mahali pako pa asili, vinalia na bajeti tangu wanafunzi wa nje wapungue, na vingi vimepunguza watumishi. Ungekuwa unatafuta kwenye foleni ndefu, usiku ukirudi chumbani, binti yako akikaribia miaka minne na nusu.

Kwa mtu wa WhatsApp naomba nisikuzungushe: usimpe hata pauni moja. Udhamini wa ajira hauuzwi. Na hata kama angekuwa mkweli, anayepata viza ya kutunza wazee haruhusiwi kuleta mume wala mtoto tangu Machi 2024. Yaani anakuuzia kwa pauni 6,000 kitu ambacho hakina ndani yake hicho unachokinunua. Mwajiri wa namna hiyo akinyang'anywa leseni, mfanyakazi hupewa kama siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako inatoa ushauri wa viza bure, na bado ni mwanafunzi wao. Kata miadi wiki hii, nenda na maswali umeyaandika.

Kurudi Januari. Umeliita "kuwaangusha wote". Wote ni akina nani, mwanangu? Nimehesabu katika barua yako: mume aliyekubali kiwanja kiuzwe, SACCOS ambayo inataka marejesho yake tu, mama mkwe ambaye hajadai chochote, na chuo kilichokupa likizo kikitegemea kwamba utarudi. Ukirudi na shahada uliyoitwa kwenda kuichukua, unapandishwa cheo, unasimama darasani, unakatwa deni kidogo kidogo kwenye mshahara. Nadhani unayeogopa kumwangusha ni yule kaka wa picha za theluji, au yule wewe wa 2022 aliyekuwa anaziangalia. Huo mpango ulikuwa mzuri, lakini ulipangwa kwa sheria nyingine. Hata hivyo kurudi kuna ugumu wake na sitaki kuupaka sukari: deni litachukua miaka kwa mshahara wa mhadhiri msaidizi, mtoto atakugomea mwanzoni kama nilivyomgomea mama yangu, na kwenye mafoleni ya Mwanza utakuja kujiuliza ingekuwaje. Tena uzamivu utadaiwa tu, maana bila huo hupandi kuwa mhadhiri.

Uzamivu wenyewe ndio ulioandika kwa ufupi kuliko vyote, nami naona ndio wenye mengi ya kuulizwa. Umesema familia inaruhusiwa, sawa. Ujue na sharti hili: mtoto kwa kawaida hawezi kuja kwa mzazi mmoja wakati mwingine yuko Tanzania, ila pawe na sababu nzito inayokubalika. Kwa hiyo ni wote wawili au hakuna. Kwa viwango vya mwaka 2025, kila mmoja wenu alipie ombi pauni 524, na ada ya afya pauni 776 kwa mwaka, na inalipwa yote kwa mkupuo. Kwa miaka minne, watu watatu, hiyo ni zaidi ya pauni 10,800. Kisha muonyeshe kwamba kwa kila mtegemezi, nje ya London, kuna pauni 680 kwa mwezi za miezi tisa, yaani 6,120 kwa mume na 6,120 kwa mtoto, zimekaa benki siku 28 bila kuguswa. Posho ya pauni 20,780 kwa mtu mmoja ni maisha ya kuhesabu. Kwa watatu ni ya kubana kweli, hadi mume apate kazi. Kufanya kazi anaruhusiwa. Na mtoto akifikisha miaka mitatu, Julai 2026, kule England watoto wote wa umri huo hupata saa 15 kwa wiki za shule ya awali bila malipo wakati wa mihula, hilo litawapa pumzi kidogo.

Lakini tazama tena ulichoniandikia: utafiti wa maji ya Ziwa Victoria. Ziwa liko wapi, mwanangu? Profesa wako amesema miezi mingapi utakuwa Leeds au Sheffield au popote ulipo, na miezi mingapi utakuwa kwenye mtumbwi unachota maji Ghuba ya Mwanza? Wanafunzi wa uzamivu hukaa uwandani miezi mingi kwa idhini ya chuo. Muulize. Muulize pia kama msimamizi mwenza anaweza kutoka chuoni kwako, maana mwajiri anayeona mtumishi wake anarudi na mradi huwa mwepesi kutoa likizo ya pili kuliko anayeombwa ruhusa tu. Muulize kama posho ya miaka yote iko kwenye maandishi, katika wakati huu ambao vyuo vinakata bajeti. Inawezekana ukakuta "familia ije yote duka lifungwe" na "nimwache mtoto miaka minne" siyo vyumba viwili pekee katika nyumba hii.

Na kati ya Januari na Oktoba kuna miezi minane. Sikuona mahali ulipoihesabu. Mtu anaweza kurudi Januari, akaripoti kazini, akalala chumba kimoja na binti yake Sengerema kila mwisho wa wiki mpaka atakapoacha kujificha, na maombi ya viza ya uzamivu, ya peke yake au ya wote watatu, akayapeleka kutoka nyumbani. Yanaanza kupokelewa miezi sita kabla ya masomo kuanza. Hatari yake ni ya kweli pia. Ukitoka bila viza ya wahitimu, ya uzamili huu imekwenda. Sheria zinaweza kubadilika tena kabla ya Oktoba, na wewe umeshaonja hilo. Mwajiri anaweza kukataa kukuachia. Viza inaweza kunyimwa. Nakuwekea mezani kwa sababu ulisema njia ni tatu.

Kabla ya yote hayo kuna mume wako.

Umenukuu maneno yake: "Kaa huko, tumalize deni, mtoto hana shida." Umeyasikia kama ya mtu anayewaza pesa. Inawezekana ndivyo. Lakini huyuhuyu ni mwanaume anayefunga duka kila Jumapili kuvuka daraja kwenda kukaa na mtoto, na kabla ya daraja alikuwa anakaa kwenye foleni ya kivuko. Anayesema "mtoto hana shida" anaweza kuwa anakutuliza wewe uliye mbali, hataki ulie kwenye chumba cha watu. Anaweza kuwa na aibu ya deni. Anaweza hata kuwa anangoja useme unataka kurudi, kwa sababu akilisema yeye ataonekana amekuvuta chini. Sijui ni lipi. Na wewe hujui, kwa sababu hujamuuliza, na yeye hawezi kukujibu juu ya uzamivu asioujua.

Unaogopa atasema ndiyo kisha akulaumu kimoyomoyo. Nakuelewa, nimeona ndoa za namna hiyo. Ila huyo anayenung'unika moyoni mara nyingi ni yule aliyeambiwa jambo likiwa limeshaiva, akabaki na kazi ya kukubali. Ukimwambia leo, likiwa bado bichi, anaweza kusema duka amwachie mdogo wake, au asije kabisa na mpange kwa miezi ya uwandani, au aje mwaka wa pili, au akasema hapana na sababu zake mkazipima. Mwambie pia ukweli wa zile wiki tano, kwamba uliogopa. Asije akaukuta kwenye tarehe ya barua ya profesa.

Ningemwambia hivi, kwa maneno yangu, wewe utaweka yako: "Baba fulani, kuna jambo nimelikalia na limenilemea. Sitaki unijibu leo. Nataka nikusomee barua yote, halafu Jumapili ukiwa Sengerema, mtoto akilala, tuzungumze sisi wawili." Na mama mkwe msimfiche. Yeye ndiye aliyelea, na huenda ana la kusema kuhusu huyo mtoto ambalo sote hatulijui.

Umeniuliza wewe ni mama wa namna gani. Kwa barua hii ninakuona ni mama aliyesimamisha safari yake mwaka mzima ili mtoto akomae, na sasa anakesha saa nane usiku akipiga hesabu za kumrudia. Nifanye nini, hilo sikujibu, kwa sababu watakaoishi ndani ya jibu ni ninyi watatu na yule bibi.

Na kesho ukipiga Sengerema, usimuulize binti yako mama yuko wapi. Mwombe bibi yake aiegemeze simu karibu na mafiga wakati wanapika, wewe nawe uwashe jiko lako huko, upike ugali wako, mwacheni aone mikono yako inasonga. Niandikie ukishaongea na baba yake.

Shangazi